Kiti Kilichoshuka Bila Mtu

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Shemeji yangu aliamka amechoka, akanywa chai amechoka, akafunga kamba za viatu amechoka. Hakuna aliyeshangaa. Mtaa mzima unamwita Spana kwa sababu haonekani bila spana mfukoni, na mtu wa kazi za mikono tumezoea kumwona hivyo, uchovu umemtangulia kuamka. Tena mtoto wao mdogo alikuwa anaota meno, na wiki ile nyumba nzima haikuwa imepata usingizi wa maana.

"Leo usiende," dada yangu alimwambia. "Macho yako yamekuwa kama ya mtu aliyevuta mkokoteni usiku kucha."

"Ni kiti kimoja tu, mama watoto. Nabadilisha gesi, narudi, nalala."

Alibeba mfuko wake wa vifaa, akatoka.

Spana hutengeneza viti vya ofisini, vile vya kuzunguka, vyenye magurudumu matano. Kwa asiyevijua: chini ya kikalio chake kuna silinda ya chuma iliyoshindiliwa gesi, na hiyo ndiyo inayokubeba. Ukivuta kijiti cha pembeni, kiti kinapanda au kinashuka. Usipokivuta, kinatulia palepale. Silinda ikichakaa, gesi inavuja, kiti kinaanza kukuteremsha taratibu kama mtu anayezama kwenye tope, mpaka unashtuka kidevu kimefika usawa wa meza. Dawa yake ni moja. Unaing'oa ya zamani, unaweka mpya.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na lifti ilikuwa mbovu. Spana alipanda ngazi huku akipumzika kila kona. Alipofika watu walikuwa wametoka kwenda kula, korido kimya, vyumba vitupu. Mhazili peke yake ndiye aliyebaki, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Pole na ngazi. Kiti kile pale, chumba cha hesabu."

Alimfungulia mlango, lakini yeye hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, mikono kifuani.

"Kinashuka mkikikalia?" Spana aliuliza.

Yule mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya nguo, akaivaa tena. "Hakuna anayekikalia."

Spana alicheka, kile kicheko cha mtu asiye na nguvu za kucheka. "Mama, kiti hakishuki bila uzito."

"Ndivyo walivyosema wenzako waliotangulia," mhazili alijibu, akamwonyesha dirishani. Juu ya kizingiti cha dirisha zililala silinda kuukuu, zimepangwa kama risasi. Kisha akarudi mezani kwake, haraka kuliko umri wake.

Chumba kilikuwa cha kawaida. Kabati la mafaili, meza, saa ya ukutani. Ila meza za wafanyakazi wengine zilikuwa zimesogezwa zote upande mmoja, karibu na mlango, zimebanana kama kondoo kwenye mvua. Ile moja ya dirishani ilibaki peke yake na kiti chake. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya meza, juu ya mafaili, juu ya sakafu kuizunguka. Kiti chenyewe hakikuwa na vumbi hata chembe.

Spana alikilaza chini kwa ubavu. Alishangaa kidogo jinsi kilivyokuwa kizito, lakini akailaumu mikono yake. Alikigonga nyundo kwenye kitako cha mguu mpaka magurudumu yakaachana na silinda, kisha akaibana silinda kwa spana ya bomba na kuizungusha, akitumia uzito wa mwili mzima. Ilikwama. Ikasaga meno. Ikatoka.

Kiganja chake kilipogusa kikalio, alikiondoa mara moja. Kitambaa kilikuwa na joto. Jua halikuwa limefika upande ule.

Akaisimamisha ile silinda kuukuu sakafuni, akakibonyeza kitufe chake kwa ncha ya spana na kuishindilia kwa kiganja. Ilimsukuma mkono juu kwa nguvu zote. Ilikuwa nzima. Akazijaribu zile za dirishani, moja baada ya nyingine. Nzima. Zote nzima.

"Kazi za watu," alinung'unika. Hakutaka kufikiri. Mtu aliyechoka hufanya kazi iliyo mbele yake, basi, akaenda zake. Akachomeka silinda mpya, akakisimamisha kiti.

Hapa kuna jambo ambalo sharti ulijue. Silinda ya kiti haina skrubu. Inaingia kwenye tundu lake juu na chini, na uzito wa mtu wa kwanza kukaa ndio unaoikaza. Kabla ya hapo, ukikiinua kiti, miguu inabaki chini. Ndiyo maana fundi hukaa kwanza yeye.

Spana alikigeuzia kiti mgongo ili ajipanguse grisi mikononi.

Tk.

Mlio mdogo, wa chuma kushika chuma. Anaujua mlio huo kama anavyojua sauti ya mwanawe.

Aligeuka. Kiti kilikuwa palepale. Kikalio kilikuwa kimebonyea katikati. Halafu, taratibu, bila mtu kugusa kijiti, kikaanza kushuka. Kilitoa pumzi ndefu, nyembamba. Kikashuka mpaka mwisho, kikatulia.

Spana alisimama na kitambaa mkononi. Alijiambia ni usingizi. Alijiambia silinda mpya nayo labda ina kasoro kutoka kiwandani. Akasogea, akashika mgongo wa kiti na kukiinua. Miguu ilikuja nayo. Silinda ilikuwa imekazwa tayari.

Mtu mwingine angekimbia. Lakini kichwa kilikuwa kinamvuma kwa usingizi, na kazi haijaisha mpaka fundi akae. Mchovu hachagui mkeka. Alivuta kijiti, kiti kikapanda. Akageuka. Akaketi.

Mwanzoni palikuwa laini. Alifumba macho.

Halafu akayahisi magoti. Chini yake. Magoti ya mtu, makavu, yamebanwa pamoja. Juu yake mapaja membamba. Spana alikuwa amekaa mapajani pa mtu. Hakuthubutu kupumua. Nyuma ya shingo, kitu kilipumua kwa niaba yake.

Hakumbuki alivyosimama. Mhazili alimwona akipita na mfuko wake bila kuaga, mgongo umepinda, mkono mmoja ukutani kama kipofu.

"Fundi," alinong'ona. "Umekikalia?"

Tayari Spana alikuwa ameanza kushuka ngazi, na kila ngazi ilikuwa inamlemea zaidi ya iliyotangulia.

*

Dada alidhani ni malaria. Alimpeleka kupimwa, wakaambiwa hana kitu, apumzike. Basi alipumzika. Alilala kutwa, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Mwili ulimyeyuka kama chumvi iliyonyeshewa. Chaga za kitanda zilivunjika, za upande wake tu, na mwanamume huyo ni mwembamba, upepo ukikaza humwonea. Mtoto, ambaye siku zote alikuwa akimrukia, sasa akiletwa karibu naye alikuwa ananyamaza kabisa na kutazama juu kidogo ya bega la baba yake.

Lililomtia dada baridi hasa ni la mlango wa jikoni. Shemeji ni mrefu. Tangu waoane amekuwa akiinama kupita mlango ule, na akisahau, anajigonga na kuulaani. Jumamosi moja alikwenda kuchota maji ya kunywa. Alipita wima. Juu ya kichwa chake palibaki nafasi.

Dada aliduwaa na mwiko mkononi. Mume wake alikuwa anashuka.

Kesho yake, mchana kweupe, jua linawaka, majirani wanaanua nguo, Spana alikuwa amesinzia kwenye kochi. Dada alikaa karibu akimpepea. Aliona vidole vya mkono wake wa kulia vinacheza juu ya paja. Vinagonga, vinasimama, vinagonga tena, kama mtu anayejumlisha kwenye kikokotoo. Midomo ilikuwa inasema kitu. Dada aliinamisha sikio.

"Bado kidogo, mkuu," Spana alisema. "Namalizia."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, yenye adabu.

Dada alijikaza. "Mkuu ni nani?" alinong'ona.

Vidole vikasimama. Uso wa Spana ukageuka kumwelekea, macho yamefumbwa, na ile sauti ikauliza kwa upole, "Saa ya kutoka imefika?"

Jioni ile dada alikuja kwangu, akaniachia mtoto. "Kesho nampeleka kule kule alikolipata balaa hili," alisema. "Kama ni mchawi, atanieleza yeye na mimi nani mkali."

*

Hakukuwa na mchawi. Kulikuwa na mhazili, ambaye alipowaona wakitokeza juu ya ngazi, Spana ameegemea ubavu wa mkewe kama mzee wa kutambaa, alijifunika mdomo na kuanza kulia.

"Nisamehe, mama. Wale wengine walikimbia kabla ya kukikalia. Nilipaswa kumwambia naye asikikalie."

"Niambie mimi sasa," dada alisema. "Nani anakaa pale?"

Mhazili alitazama mlango wa chumba cha hesabu, akashusha sauti.

"Tulikuwa tunamwita Mzee wa Hesabu. Amekaa kiti kile tangu mimi nikiwa msichana. Miguu ilianza kumvimba, akaomba likizo. Bosi akamwambia, malizia kwanza hesabu za mwaka. Kila akiulizwa, anajibu, bado kidogo, mkuu, namalizia. Sasa siku moja baada ya chakula akainamisha kichwa. Tukasema amesinzia, tumwache, masikini, amechoka. Bosi alipita akamwekea faili jingine mbele yake. Jioni tukafunga madirisha, tukamuaga. Tulimwambia kwaheri, mzee." Alivua miwani. "Hakuitika. Tukadhani ametukasirikia."

"Asubuhi?"

"Asubuhi tulimkuta vilevile. Kiti kilikuwa kimeshuka mpaka chini."

Dada anasema hasira zake zote ziliisha pale, likabaki jambo jingine, zito zaidi.

"Kwa hiyo hajui," alisema. "Hajui kama amekufa. Anajua yuko kazini."

Bosi hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mwanamume mnene, macho mekundu, tai imelegezwa, simu zinalia asizozipokea. Dada alipoanza kueleza, alimkata. "Mama, hapa ni ofisi. Mambo ya kishirikina yana mahali pake."

"Basi njoo umtazame huyu," dada alimjibu, akamwonyesha mumewe.

Spana alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha hesabu. Siku ile ya kiti alikuwa amepita mlango ule kichwa kikikaribia fremu. Sasa kichwa chake hakikufika mbali juu ya kitasa. Nguo zilimning'inia kama za kaka yake. Na nyuma yake, dirishani, kiti kilikuwa kinashuka. Kinafika chini, kinapanda, kinashuka tena. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Bosi alitazama. Aliposema tena, alisema kwa kunong'ona.

"Kila nikipita hapa nasikia kalamu. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Wewe ndiye uliyemweka," dada alisema. "Mruhusu wewe."

Bosi aliingia taratibu, akasimama mbele ya ile meza ya vumbi, mikono ameikunja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mzee," alisema.

Kiti kiliendelea kupanda na kushuka.

"Mzee wangu. Imetosha. Nenda nyumbani, ukapumzike."

Kiti kilisimama katikati ya kushuka. Hakikupanda. Spana alipiga magoti, uzito umemshinda, na kinywani mwake ikatoka ile sauti kavu, safari hii ikiwa na wasiwasi.

"Kazi bado, mkuu."

Machozi yalimlengalenga bosi. Akasema maneno ambayo sisi sote tumeyasema, nyumbani, kazini, msibani, bila kuyapima.

"Iache tu, mzee. Nitamalizia mimi."

Kijiti hakikuguswa na mtu. Kiti kikapanda. Kikapanda bila haraka mpaka mwisho wa chuma chake, kikatoa pumzi moja, kikatulia. Spana alihisi mgongo wake unanyooka, mfupa kwa mfupa, na hewa ikamjaa kifuani. Kitu kiliwapita. Hakikuwa upepo, maana mapazia hayakucheza. Kule koridoni, mhazili alisogea pembeni na kubana ukutani, kama unavyompisha mtu mzima njiani.

"Kwaheri, mzee," alisema.

Safari hii aliitikiwa. Alichojibiwa hajamwambia mtu hata leo.

Dada alimshika mumewe mkono waondoke. Alipogeuka kumshukuru bosi, alimkuta ameketi. Kwenye kiti kile kile. Alikuwa amefuta vumbi kwa kiganja na kufungua faili la juu.

"Mkuu," Spana alimwita. "Toka hapo."

"Nendeni," bosi alisema bila kuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kugonga meza. "Mnifungie mlango."

*

Shemeji alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba. Alipoamka akaenda jikoni akiwa mzito wa usingizi, akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na dada akacheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Nguvu zilimrudia. Meno ya mtoto yakatoka. Tukasema yamekwisha.

Mvua zilipokatika, mhazili alikuja kuwatembelea. Alikuwa amekonda. Alisema bosi hakutoka tena chumba kile ila kwa kubebwa. Mkewe alikuwa anamletea nguo safi, anaondoka na chakula cha jana hakijaguswa. Walimsihi, walimlilia, walimtoa kwa nguvu, akarudi. Wamemzika juzi. Waliomwosha walishindwa kumnyoosha vidole. Vilikuwa vimejikunja, kama vimeshika kalamu.

"Na kazi yenyewe?" dada aliuliza. "Aliimaliza?"

Mhazili alitikisa kichwa.

"Kiti mmekipeleka wapi?" Spana aliuliza.

Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Si umekichukua wewe, fundi? Tulikuta hakipo. Tukajua umekuja kukichoma moto."

Chai ilipoa vikombeni.

Siku chache baadaye Spana alimwaga saruji barazani, maana pale mbele ya mlango palikuwa na shimo linalojaa maji. Aliisawazisha vizuri, akaiwekea mbao pembeni watu wasiikanyage, nao wakawa wanatumia mlango wa uani. Asubuhi alipokwenda kuimwagilia, aliniita mimi kwanza kabla ya mkewe. Mbao zilikuwa mahali pake. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Saruji ilikuwa imeshashika.

Kulikuwa na michirizi juu yake, myembamba, inayopindana, ya magurudumu madogo. Ilianzia ukingoni ikaja moja kwa moja hadi mlangoni. Hapo ilikoma. Yalibaki matundu matano yaliyopangwa kwa duara, yamezama sana, kama kitu kizito kilisimama pale muda mrefu kikisubiri kufunguliwa.

Nimetia kidole changu mwenyewe kwenye tundu moja. Kiliingia mpaka kwenye pingili ya pili, na ndani kulikuwa na joto.